Jinsi ya kutambua makaa bora ya kuchomea nyama

MPENZI wa nyama choma anapofika buchani huwa na macho makali. Hukagua mbavu za mbuzi, huuliza iwapo mnyama alichinjwa asubuhi hiyo, na aghalabu hukataa kipande cha kwanza anachoonyeshwa. Mtu huyo huyo akipita kwa mchuuzi wa makaa akielekea nyumbani, hununua mkebe mmoja au miwili bila hata kuinama kuyatazama.

Matokeo yake yanajulikana. Moto hukataa kukolea, moshi huwatoa wageni machozi, na hatimaye nyama huletwa mezani ikiwa imeungua nje ilhali ndani ingali mbichi. Lawama humwangukia mchomaji, au mbuzi. Makaa hayalaumiwi.

Ama kwa hakika, makaa ndiyo yanayoamua iwapo pesa zilizolipwa buchani zilitumika vyema. Ladha ya nyama huyategemea, na vilevile afya ya watu walioketi kando ya jiko. Isitoshe, kila gunia linaloteremshwa mjini limetoka kwenye ardhi ya mtu fulani, iwe ni Kitui, Narok, Baringo au Tana River, na aina ya makaa ambayo wanunuzi huyapenda ndiyo huamua ni mti upi utakaoangushwa kesho.

Kuni zilizopikwa

Makaa ni kuni zilizopikwa bila kuungua. Mchomaji wa makaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyatia moto huku akiacha matundu machache ya kupitishia hewa. Kwa kuwa hewa ni haba, magogo hayawaki kikamilifu. Joto hufukuza maji kwanza, halafu mvuke mzito wenye lami na gesi mbalimbali. Kinachosalia huwa ni kaboni kwa sehemu kubwa, pamoja na madini ambayo baadaye hugeuka jivu.

Joto la tanuri likifika nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kudumu humo, sehemu kubwa ya lami huondoka. Tanuri likifukuliwa mapema kwa pupa ya kuuza, lami hubakia ndani ya makaa. Hiyo ndiyo hutoka jikoni ikiwa moshi mzito wenye harufu kali, ikajipaka juu ya nyama na kuitia uchungu.

Hapa ndipo penye dhana potovu iliyoenea. Walaji wengi huamini kwamba moshi wa makaa ndio unaoipa nyama choma ile ladha yake. Sivyo. Ladha hiyo hutokana na mambo mawili: uso wa nyama kugeuka rangi ya hudhurungi kwa joto kali, na matone ya mafuta yanayoanguka juu ya kaa la moto yakafuka na kuirudia nyama. Moshi wa mafuta ni jambo moja, moshi wa makaa mabichi ni jambo jingine. Wako wapishi, hasa kusini mwa Marekani, wanaotumia moshi wa kuni makusudi, lakini hao huchagua kuni kavu za miti maalumu na kupika kwa moto wa chini kwa saa nyingi. Hawategemei lami iliyosahauliwa ndani ya makaa.

Kuhusu nguvu, kilo moja ya makaa mazuri hutoa joto linalokaribia maradufu ya lile la kilo moja ya kuni kavu. Gharama ya faida hiyo ni kubwa. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo moja ya makaa huweza kumeza kilo tano hadi kumi za kuni. Mbuzi mmoja wa sherehe, kwa hivyo, huchomwa kwa mti mkubwa kuliko anavyodhani mwenye sherehe.

Jicho, sikio na mkono

Nchini Kenya makaa hayauzwi kwa mizani, ila kwa chombo: mkebe, debe au gunia. Jambo hili dogo ndilo linalowapunja wanunuzi wengi. Mkebe uliojaa makaa ya mti laini na mkebe uliojaa makaa ya mti mgumu huwa na bei moja, ilhali wa pili una uzito mkubwa zaidi na huwaka kwa muda mrefu zaidi. Kwa maneno mengine, anayenunua makaa mepesi hununua hewa.

Kipimo cha kwanza basi ni mkono. Mnunuzi na achukue vipande viwili vyenye ukubwa wa ngumi kutoka kwa wachuuzi wawili tofauti, avipime kiganjani, na kuchagua kilicho kizito.

Hata hivyo, uzito peke yake waweza kudanganya. Makaa yaliyonyeshewa, au yaliyonyunyiziwa maji "ili vumbi litulie", huwa mazito pia. Kadhalika kijinga, yaani kipande ambacho nje ni makaa na ndani kingali ni kuni, huwa kizito. Ndiyo sababu wachomaji wazoefu hutumia sikio. Hugonganisha vipande viwili. Makaa makavu yaliyoiva hutoa mlio mkali kama wa kigae kilichogongwa. Yakitoa mlio mzito uliofifia, ama yana maji ama hayakuiva.

Baada ya hapo huvunjwa kipande kimoja. Palipovunjika panatakiwa kuwa peusi pa kung'aa, na mara nyingi miviringo ya mti huonekana bado. Rangi ya kahawia katikati ni dalili ya kijinga. Makaa yanayopakaza mikono masizi tele na kumomonyoka yakishikwa yataishia kuwa chenga kabla ya kufika jikoni. Magome yaliyong'ang'ania makaa nayo hayafai, kwani hurusha cheche.

Ukubwa wa vipande nao una maana. Chenga huziba nafasi za kupitishia hewa na kuuzima moto, na mapande makubwa kama tofali huchelewa kushika. Vipande vyenye ukubwa wa ngumi ndivyo bora kwa jiko la nyumbani. Katika gunia, vipande vinono hupangwa juu kama kilemba, na mnunuzi anayeridhika na kilemba hicho atakutana na vumbi, mawe na udongo wa tanuri wiki ya pili. Mkebe nao una hila zake. Kuna mikebe ambayo kitako chake kimebonyezwa ndani, na kuna wachuuzi wenye kipaji cha kupanga vipande virefu vikavukana kama daraja, hivi kwamba mkebe huonekana umefurika ilhali chini ni mapango matupu. Kuutikisa mkebe kabla ya kulipa si utovu wa adabu.

Kila nyama na moto wake

Miongoni mwa miti ya Kenya, migunga ndiyo yenye sifa kubwa zaidi kwa makaa. Mbao zake ni ngumu na nzito, na makaa yake hukaa na moto kwa muda mrefu bila kuchochewa. Katika Bonde la Ufa, hasa pande za Naivasha, Gilgil na Narok, makaa ya leleshwa yanajulikana vilevile kwa ugumu wake. Katika nyanda za juu, muwati na mkaratusi hutoa makaa ya kuridhisha, na kwa kuwa miti hiyo hupandwa na wakulima katika mashamba yao, haimvui mtu msitu. Pwani, mvinje huchukua nafasi hiyo. Makaa ya msonobari na miti mingine laini huwaka upesi, hupanda joto ghafla na kufa mapema.

Hii haina maana kwamba makaa mepesi hayana kazi. Mguu wa mbuzi huhitaji saa moja au zaidi juu ya moto wa wastani usiopandapanda, na hapo ndipo mgunga au leleshwa huonyesha ubora wake. Wachomaji wa Kikopey, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, au wale wa Kenyatta Market jijini Nairobi, hawawezi kumudu moto unaozimika nyama ikiwa nusu. Lakini mishikaki ya Mombasa na Lamu, iliyokatwa vipande vidogo, huiva kwa dakika chache tu. Kinachotakiwa hapo ni moto mkali wa muda mfupi, unaochochewa kwa pepeo. Wakazi wa Pwani wamejua tangu zamani kwamba vifuu vya nazi vilivyochomwa hutoa makaa makali kwa kazi kama hiyo, na hakuna mti unaokatwa. Mahindi ya kuchoma kando ya barabara huridhika na vipande vidogo ambavyo mchoma nyama angevitupa.

Baadhi ya walaji hudai kwamba waweza kuonja mti ndani ya nyama. Huenda ni kweli pale makaa yalipokuwa mabichi. Makaa yaliyoiva sawasawa yamekwisha kupoteza karibu kila kitu kilichokuwa na harufu, na tofauti kati ya mti na mti husalia katika uzito, joto na muda wa kuwaka.

Mkoko ni kadhia ya peke yake. Makaa yake ni mazito na yana moto mkali, lakini mikoko ndiyo mazalio ya samaki na ngao ya pwani dhidi ya mawimbi. Mchuuzi anayejigamba kwamba makaa yake ni ya mkoko hajisifu, anajishtaki.

Mti uliolaaniwa

Shida ni kwamba mgunga, kipenzi cha wanunuzi, hukua polepole katika ardhi kame ambayo haina mti mwingine wa kujivunia. Ukiangushwa, mfugaji hupoteza kivuli na maganda ya mbegu ambayo mbuzi wake hula wakati wa kiangazi. Mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongeza muda. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, Kaunti ya Kitui nayo ilikuwa imeharamisha biashara ya makaa. Bei mijini zilipanda, nao wanunuzi wakaacha kuuliza makaa yametoka wapi.

Nje ya mipaka hali imekuwa mbaya hata zaidi. Migunga ya kusini mwa Somalia ilikatwa kwa miaka mingi na makaa yake kusafirishwa hadi nchi za Ghuba, ambako hutumiwa kuchomea nyama na kuwashia shisha. Mnamo Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kupiga marufuku makaa hayo kwa kuwa mapato yake yalikuwa yakilifadhili kundi la Al-Shabaab.

Je, kuna makaa yaliyo na sifa za mgunga bila balaa lake? Yapo, na yanatoka kwenye mti ambao Wakenya wengi huulaani. Mathenge, ambao asili yake ni Marekani ya Kati na ya Kusini, uliletwa katika maeneo kame ya Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuwapa wenyeji kuni. Ulifaulu kupita kiasi. Uliziba malisho, njia na kingo za mito huko Baringo, Garissa, Turkana na Tana River. Miiba yake hutoboa kwato na matairi, na maganda yake yenye sukari huharibu meno ya mbuzi. Katika miaka ya 2000 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, wakamfikisha mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kama kielelezo.

Lakini kuni za mathenge ni ngumu, na makaa yake ni mazito, yana joto jingi na hudumu. Katika jimbo la Texas na kaskazini mwa Mexico, jamaa wa karibu wa mti huo, uitwao mesquite, ni kipenzi cha wachoma nyama, na makaa yake hunadiwa kwa jina hilo. Kitu ambacho mfugaji wa Marigat angelipa ili kiondolewe, mwingine kule hulipa ili akipate.

Makaa ya mathenge yana ila mbili. Ya kwanza ni kurusha cheche yanapoanza kushika, kwa hivyo jiko lake liwekwe mbali na watoto na nguo zilizoanikwa. Ya pili ni ya sokoni: yakishatiwa guniani, si rahisi kuyatofautisha na ya mgunga, na mchuuzi asiye mwaminifu aweza kuuza haya kwa jina la yale. Ifahamike pia kwamba kuukata mathenge hakuumalizi. Kisiki chake huchipuka mashina mengi zaidi kisipong'olewa au kuuliwa. Hata hivyo, kati ya mti unaochipuka kwa ukaidi namna hiyo na mgunga uliochukua miongo kufikia kimo chake, mnunuzi mwenye busara hahitaji kufikiri sana.

Makaa ya kubanwa, yanayotengenezwa kwa vumbi la makaa, mabaki ya miwa au maganda ya kahawa, yamepata umaarufu pia. Uzuri wake ni moto ulio sawa na unaodumu. Ubaya hutegemea kilichotumiwa kuyashikanisha. Yaliyoshikanishwa kwa wanga wa muhogo au molasi ni mazuri. Yaliyoshikanishwa kwa udongo huacha jivu jingi linalofunika moto, na kwa nyama choma hayatoi joto la kutosha. Wahenga walisema moto huzaa jivu, lakini makaa mema ya miti huzaa kidogo tu, takribani asilimia tatu hadi tano ya uzito wake. Mjini Nakuru yamewahi kutengenezwa makaa ya namna hii kutokana na uchafu wa vyooni uliokaushwa na kuchomwa kwa joto linaloua viini. Ni salama, ijapokuwa si kila mgeni atapenda kuelezwa.

Kuwasha na kuzima

Makaa bora yaweza kuharibiwa kwa dakika tano za uwashaji mbaya. Mafuta taa, vipande vya mpira wa gurudumu na mifuko ya plastiki huacha harufu ambayo haitoki kwenye nyama, pamoja na sumu. Magunzi makavu ya mahindi na vijiti vinatosha. Makaa yaachwe yawake hadi yafunikwe na utando mwembamba wa jivu la kijivu, jambo linalochukua nusu saa hivi. Kuweka nyama moto ungali na ndimi ni kuipaka masizi.

Mafuta yakitona kwa wingi na kuwaka, makaa yasogezwe upande mmoja na nyama upande mwingine. Nyama iliyoungua na kulambwa na ndimi za mafuta hujengeka kemikali ambazo wataalamu wa saratani wamezihofia kwa muda mrefu. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka nyama nyekundu katika orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Sehemu iliyogeuka mkaa ni heri ikwanguliwe.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, huja baada ya karamu. Jioni hupoa, hasa mwezi wa Juni na Julai, mvua huanza kunyunya, na mtu huliingiza jiko sebuleni kwa kuwa makaa "hayatoi moshi tena". Hapo ndipo ubora wa makaa hugeuka mtego. Makaa yaliyoiva, mekundu na yasiyo na moshi, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na anayeivuta huhisi kichwa kizito na usingizi, akadhani ni shibe. Moshi wa makaa mabichi angalau humwamsha mtu kwa kikohozi. Familia nzima zimekutwa zimefariki asubuhi katika nyumba zilizofungwa madirisha.

Jiko na libaki nje, hata mvua ikinyesha. Makaa yaliyosalia yazimwe kwa kufunikwa na mchanga, au yatiwe kwenye debe la bati lenye kifuniko kinachobana hadi yakose hewa. Maji hayafai, kwa kuwa hupasua udongo wa jiko na kuyalowesha makaa ambayo yangetumika tena. Yakizimwa kwa mchanga, hukung'utwa siku ya pili na kuwekwa chini ya makaa mapya, na kwa kuwa yamekwisha kuungua mara moja, huwa ya kwanza kushika moto.